Mume kaenda misheni: nani anamwambia mke ukweli?

Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2017, watu wakiwa hawajatawanyika vizuri kutoka msikitini, mdogo wangu alikuwa jikoni kwa mama yetu, Wete, akiupalia wali makaa, na simu yake ameiegemeza kwenye kopo la chumvi. Simu ikalia mara moja, ikalia tena, kisha ikawa inatetema mfululizo mpaka ikaanguka sakafuni. Ujumbe wa mwanzo katika kundi lao la wake wa askari ulikuwa na maneno mawili tu: "Wenzangu, mmesikia?"

Yaliyosikika yalikuwa kweli. Jioni ya siku iliyotangulia, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa, na waliouawa walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, 14 kwa hesabu ya mwanzo, ambayo baadaye ilifika 15. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote kuwahi kufanywa dhidi ya walinda amani wake katika historia ya karibuni. Wanawake thelathini na kitu waliokuwa ndani ya kundi lile, wengine Unguja, wengine Pemba, hawakuwa na haja ya historia. Walikuwa na suali moja: nani?

Jibu lilimfikia mdogo wangu baada ya siku mbili, likaletwa na mumewe mwenyewe kwa simu ya kuazima. "Mimi mzima. Mwambie mama." Basi. Katika siku mbili hizo kundi lilikuwa limepitisha kila namna ya habari: idadi moja kisha nyengine, jina la kambi hii kisha ile, sauti ya mtu asiyejulikana akisema ana ndugu yake kule na kwamba hali ni mbaya zaidi ya inavyosemwa. Mdogo wangu alizisikiliza sauti zile usiku kucha, akirudia moja moja, akitafuta ndani yake jina ambalo hakutaka kulisikia. Sisemi kwamba kuna mtu aliyekosa wajibu wake. Wenye dhamana walikuwa na wafiwa wa kuwahudumia kwanza, na ndivyo ilivyopaswa. Ninachosema ni kwamba yule ambaye mumewe hakudhurika naye alikaa eda ya siku mbili, na hakuna aliyejua.

Nimelibeba jambo hili miaka mingi bila ya kuliandika, kwa sababu tunapozungumza kuhusu wanawake na simu hapa kwetu, mazungumzo huishia kwenye umbea, fitina na ndoa zilizovunjika. Wake wa askari walioko misheni wanastahiki kutazamwa kwa jicho jengine. Hoja yangu ni kwamba makundi yao ya simu yanazibeba siku za kawaida za kungoja vizuri kuliko njia yoyote waliyokuwa nayo mama zao, na kwamba yanashindwa siku moja tu, siku ya habari mbaya. Kushindwa huko si kosa la wanawake hao. Ni kwa sababu wameachiwa kazi inayohitaji mtu mwenye mamlaka, mwenye uso unaoonekana na mwenye miguu ya kufika mlangoni.

Misheni, kwa wasiolizoea neno hili, ndilo jina la kazi yote ya askari wetu nje ya nchi. Ndani yake imo Darfur, huko Sudan, ambako tarehe 13 Julai 2013, siku chache tu baada ya kuandama mwezi wa Ramadhani, walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa kwa kuviziwa njiani. Imo Lebanon, imo Jamhuri ya Afrika ya Kati, na zaidi ya zote imo Kongo, ambako Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2013, liliunda brigedi maalumu ya kuyakabili makundi ya waasi, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya kamanda wake wa kwanza, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kisha likaja jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lililoingia mashariki ya Kongo Disemba 2023 na ambalo viongozi wa jumuiya hiyo waliamua Machi 2025 liondoke, baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wachambuzi wa siasa huzitenganisha misheni hizi kwa majina na vifupisho vyake. Kwa mke aliyebaki Konde au Makunduchi zote ni safari moja yenye neno moja: kaenda.

Kungoja kwenyewe si kugeni visiwani. Wanawake wetu wamengoja mabaharia na wavuvi wa dago tangu na tangu, na mama yangu alingoja vita vya Kagera. Baba aliondoka mwishoni mwa 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na katika muda wote huo mama alipokea barua tatu, zilizovuka kuja Pemba kwa meli na kuletwa nyumbani na mtu aliyekwenda bandarini kwa shughuli zake. Barua ya pili ilifika ikiwa imeandikwa kabla ya ile ya kwanza. Usiku majirani walikusanyika ukumbini kwetu kusikiliza redio, na mama alikuwa akisema kwamba alichokuwa akikisikiliza hasa ni pumzi za wenzake waliokaa mkekani, kwa sababu zilimwambia kuwa hayuko peke yake kiza kile. Hakuna aliyemuuliza "unajisikiaje". Walikuja, wakakaa, wakachambua mchele wake pamoja naye, wakaondoka.

Mdogo wangu hakupata mkeka ule. Aliolewa akahamia Unguja, kwenye nyumba ya kupanga ng'ambo ya mji, kwa majirani wanaotoka alfajiri na kurudi magharibi, na mumewe alipoitwa misheni alibaki na watoto wawili na simu. Simu hiyo ilimpa kitu ambacho mama hakuwahi kukiota, yaani sauti ya mume wake usiku huohuo. Ilimpa pia namna mpya ya mateso. Barua ikichelewa, mama aliilaumu meli. Ujumbe ukibaki na tiki moja ya kijivu, alama kwamba haujamfikia, wa kulaumiwa ni nani? Nilimwona kwa macho yangu, amekaa kwenye kizingiti saa saba za usiku, anaifungua na kuifunga programu ileile, akitazama saa ambayo mume wake alionekana hewani mara ya mwisho, kama vile kwa kuitazama ataifanya isogee. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, ambaye alianza kazi yake katika miaka ya 1970 kwa kusoma maisha ya familia za askari waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha kwamba kuna upotevu usio bayana, wa mtu ambaye hayupo lakini hajafa, na kwamba huo huchosha moyo kwa namna yake, kwa sababu mwenye nao hajui alie au angoje. Tiki moja ya kijivu ni upotevu huo uliopunguzwa ukaenea kwenye kiganja.

Waislamu hawana haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi kwamba jambo hili ni zito. Masheikh wetu husimulia jinsi Sayyidna Umar bin Khattab, akizunguka Madina usiku, alivyomsikia mwanamke akighani beti za upweke kwa sababu mumewe alikuwa jeshini. Alikwenda kwa binti yake, Bibi Hafsa, akamuuliza mwanamke anaweza kusubiri muda gani bila ya mumewe. Jibu, kwa mapokezi mengine ni miezi minne, kwa mengine miezi sita, na Umar akaweka amri kwamba askari wasizuiliwe vitani kupita muda huo. Kinachonigusa katika kisa hiki ni hatua zake: kiongozi alisikia kwa masikio yake, akamuuliza mwanamke, kisha akabadilisha utaratibu wa dola. Hakumtumia yule bibi ujumbe wa kumtaka asubiri. Leo zamu ya kikosi katika misheni za Umoja wa Mataifa kwa kawaida ni miezi 12, na neno ambalo mke wa askari hulisikia zaidi kuliko yote katika miezi hiyo, kwa wakwe, kwa jirani, kwa mwalimu wa madrasa ya watoto, ni "subira".

Sasa kundi la simu linafanya nini ambacho subira pekee haifanyi? Mwanasosholojia James House, mwaka 1981, aliugawa msaada wa kijamii katika mafungu manne: wa moyo, wa taarifa, wa vitendo, na ule wa kumwezesha mtu kujipima sawasawa mbele ya jambo lililomfika. Nimeyatumia mafungu hayo kuyatazama mazungumzo ambayo mdogo wangu aliniruhusu kuyasoma, na nililostaajabia ni kwamba fungu la mwisho, ambalo kwa kawaida hatulitaji kabisa, ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote.

Chukua ugomvi wa wiki ya mwisho. Mdogo wangu na mumewe, watu ambao sijawahi kuwasikia wakipandishiana sauti, waligombana siku tatu kabla ya safari kwa sababu ya kitasa cha mlango wa nyuma. Akaondoka hawajazungumza vizuri. Miezi miwili yule mke aliamini kwamba alimpeleka mume wake vitani na moyo mbaya, na hakumwambia mtu, hata mimi. Usiku mmoja mwanamke wa Kiwani akaandika kundini kwamba yeye na mumewe waligombania ndoo. Mwengine akasema kwao ilikuwa jina la mtoto. Wakaja kumi. Mabibi hawa hawakuwa wamesoma popote kwamba mwaka 2001 daktari wa jeshi la Marekani Simon Pincus na wenzake waliziandika hatua tano za moyo wa familia ya askari, na kwamba hatua ya mwanzo, ile ya kabla ya kuondoka, ina ugomvi wa aina hiyohiyo, kwa kuwa watu wawili wanaojiandaa kuachana huanza kuachana kabla ya siku yenyewe. Waliligundua wenyewe, kwa Kiswahili, saa tano za usiku. Mdogo wangu aliniambia kwamba usiku ule alilala mpaka adhana. Hakuna mshauri wa kulipwa ambaye angemfikisha hapo upesi namna ile, kwa kuwa mshauri angemwambia ni kawaida, na wenzake walimwonyesha.

Fungu la taarifa nalo lilikuwa na kazi kubwa, zaidi kuhusu pesa. Jamii inaamini kwamba mke wa askari wa misheni amekalia sanduku. Umoja wa Mataifa huzilipa serikali kwa kila askari, na kuanzia Julai 2018 zilikuwa dola 1,428 kwa mwezi, na mtu akiisikia tarakimu hiyo barazani huichukua kama ndiyo mfuko wa mke, ingawa ni fidia inayolipwa nchi, na kila nchi ina utaratibu wake wa kumlipa askari wake. Matokeo yake yako kwenye mlango wa yule mwanamke: wifi anataka ada ya skuli ya mtoto, mjomba anataka injini ya boti, mama mkwe anauliza kwa nini ukuta umesimama usawa wa dirisha wakati mwanawe "anapigania dola". Ndani ya kundi niliona wanawake wakifundishana namna ya kumjibu mkwe bila ya kumvunjia heshima, namna ya kuandika hesabu za saruji na fundi kwenye daftari ambalo mume akirudi atalikuta, na namna ya kuujua ujumbe wa tapeli. Huyo wa mwisho hujifanya ofisa, humwambia mke kwamba posho ya mumewe imezuiliwa na kwamba, ili itoke, atume kwanza kiasi fulani "kwenye namba hii". Mmoja alikuwa ameshafika kwa wakala na pesa mkononi alipowauliza wenzake, na ndani ya dakika nne sauti sita zilimrudisha nyumbani.

Msaada wa vitendo ndio simu isioweza kuubeba yenyewe, lakini hata hapo kundi lilifanya zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu visiwa vyetu ni vidogo. Mtoto akipata homa Fuoni, mwenye gari anaweza kutoka Mwanakwerekwe. Walicheza upatu. Walipelekeana futari. Mtu akifika Mkoani na mizigo, palikuwa na wa kumpokea. Tofauti hii na nchi kubwa ni ya maana sana: kule mke wa askari na mwenzake wa mtandaoni wanaweza wasionane maisha yao yote, na hapa ujumbe wa usiku huweza kuwa hodi ya asubuhi. Anayedhani kwamba mtandao umeua ujirani wetu angeyasoma mazungumzo yale angebadilisha kauli.

Na kwa hivyo ndipo kinaponiuma kile kilichotokea Ijumaa ile. Kundi hilohilo lililomwokoa mwenzao kwa tapeli ndani ya dakika nne lilishindwa kumwambia mwenzao yeyote jambo moja la kweli kwa siku mbili, kwa sababu rahisi kwamba hakuna ndani yake aliyekuwa na ukweli. Wingi wa sauti, ambao ni nguvu yake siku nyengine zote, siku ile ukawa sumu. Kila aliyeogopa alipitisha alichokisikia ili asibaki na hofu peke yake, na kila alichokipitisha kiliongeza hofu ya wengine. Walikuwa wanawake walewale wenye busara. Kilichobadilika ni kazi waliyotakiwa kuifanya.

Utaratibu wa Umoja wa Mataifa askari anapokufa ni kuiarifu kwanza nchi iliyomtoa, na nchi ndiyo inayowaarifu jamaa, na majina hayatangazwi kabla ya hapo. Ni utaratibu wenye heshima, lakini uliwekwa na watu waliodhani kwamba habari husafiri kwa daraja, kutoka ngazi moja hadi nyengine. Marekani walijaribu njia nyengine. Katika vita vya Iraq na Afghanistan ilikuwa ni desturi kukata simu na intaneti kambini mara tu askari anapouawa, mpaka jamaa zake wafikiwe na watu wawili waliovaa sare, ana kwa ana. Hiyo iliwalinda wafiwa wasisikie msiba kwa simu. Lakini wake wakajifunza kukisoma kimya: mitandao ya kambi ikikatika ghafla, mamia ya nyumba zilijua kwamba kuna aliyekufa, na kila mke alikaa dirishani akitazama gari lisimame kwa nani. Kuifunga simu hakuondoi suali la "nani". Kunaligawa kwa nyumba zote kwa usawa.

Kinachohitajika ni kitu kidogo ambacho hakijashughulisha fikra za watu wengi, nacho ni saa. Likitokea tukio, ofisa anayejulikana kwa jina na kwa sauti awatumie wake wote wa kikosi maneno haya au mfano wake: kuna tukio, jamaa za waliodhurika wanafikiwa majumbani hivi sasa, na ifikapo saa kumi alasiri kila anayehusika atakuwa ameshaambiwa. Halafu saa kumi ifike, na atume tena: wote wameshafikiwa. Hakuna jina linalotajwa, hakuna siri ya kijeshi inayovuja, hakuna kambi inayotajwa ilipo. Na mwanamke ambaye hadi saa kumi hajapigiwa hodi anajua kwamba anaweza kuvuta pumzi, akatawadha, akawaombea wenzake. Siku mbili za mdogo wangu zingekuwa saa tatu.

Nawaheshimu wanaosema kwamba jeshi haliwezi kuzungumza na makundi ya simu. Wana hoja. Picha moja ya mume mbele ya kifaru, iliyorushwa na mke kwa fahari, inaweza kumwambia adui kitu, na tarehe ya kurudi kwa kikosi si jambo la kuandikwa kwenye kundi lenye watu ambao hakuna anayewajua wote. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayomwadhibu anayesambaza habari za uongo, na niliona jinsi inavyowatisha wanawake hata wasithubutu kuuliza. Lakini ninachopendekeza hakimtaki ofisa aingie kundini. Kwa hakika nisingependa aingie. Siku atakapoingia mwenye cheo, ugomvi wa kitasa na ndoo hautaandikwa tena, na mke wa koplo atapima maneno yake mbele ya mke wa meja, kama wanavyofanya kwenye hafla. Kundi libaki lao, na sauti ya dhamana ipite mlango wake wenyewe, namba yake yenyewe, inayosikika mara chache sana na inayoaminiwa kwa sababu hiyo.

Kuna tatizo jengine, na hili ni la kwetu sisi wa Zanzibar hasa. Ulinzi ni jambo la Muungano tangu mwanzo wake mwaka 1964. Ustawi wa jamii si la Muungano, na una wizara yake katika Serikali ya Mapinduzi. Maana yake ni kwamba mume ni mtumishi wa taasisi ya Muungano, na mke wake, siku akishikwa na huzuni isiyompa usingizi, ofisa ustawi aliye karibu naye ni wa Serikali ya Zanzibar, ambaye hana sababu ya kujua kwamba nyumba ile ina mtu aliyeko misheni. Mke anaanguka katikati. Mtu pekee ambaye kazi yake inagusa pande zote mbili ni sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, yaani wa mtaa au kijiji, kwa kuwa yeye anajua nani amehamia nyumba gani, nani karudi kwao Pemba kujifungua, na nani anaishi kwa wakwe. Hili si dogo. Askari anapoandika jina la jamaa wa kuarifiwa, huweza kuandika la baba yake aliyeko kijijini, na hapo habari itafika Micheweni saa nne huku mke akiwa Unguja anaipata kwa simu ya mtu baki. Na tusisahau kwamba wapo wanaume wenye wake wawili. Karatasi yenye nafasi ya jina moja tayari imeshaamua nani atajua mwanzo na nani atasikia kwa jirani. Karatasi hiyo iwe na nafasi kwa kila mke, namba yake, na shehia anayoishi kwa sasa, na ipitiwe upya kila baada ya miezi michache, kwa kuwa mwanamke aliyeachwa peke yake huhama.

Kuhusu kurudi nitasema machache, ingawa ni jambo la kuandikiwa makala yake peke yake. Kikosi kinaporudi, kundi hunyamaza. Wanawake hutoka mmoja mmoja, kwa furaha, bila ya kuaga, na kwa wengi shida mpya huanza wiki mbili baadaye, pale mume anapokaa sebuleni hasemi, anaposhtuka mlango ukigongwa na upepo, anapouliza kwa nini mtoto humwendea mama kuomba ruhusa. Wakati ambao mke angewahitaji wenzake zaidi ndio wakati ambao hawapo, na ameona haya kuwarudia kwa kuwa mume karudi mzima, alhamdulillahi, kuna nini tena cha kulalamikia? Kutajwa kwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, mbele ya mkwe kunatosha kumfunga mdomo. Nimemshauri mdogo wangu, na yeye akawashauri wenzake, kwamba kundi lisivunjwe kabla ya miezi sita baada ya kikosi kurudi. Walikubali, na walipokubali wakakabiliwa na suali ambalo hawakulitarajia.

Baadhi ya waliokufa Semuliki walirejeshwa kuzikwa Unguja na Pemba, na mmoja wa wajane alikuwa ndani ya kundi lile. Katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, hatoki nje ila kwa dharura, simu ilikuwa ndiyo ukumbi wake. Wenzake walimsomea Yasini kwa sauti, wakamtumia sauti za watoto wao, wakamwacha aandike saa nane za usiku mambo ambayo hakuweza kumwambia mama yake. Eda ilipokwisha, na waume wa wengine walipoanza kutaja kurudi, mwenye kusimamia kundi alijikuta hajui afanye nini. Kila salamu ya "wangu anakuja wiki ijayo" ilikuwa kisu kwa mtu mmoja. Mmoja akapendekeza lifunguliwe kundi jipya la wanaopokea, kimyakimya. Mwengine akasema huko ni kumzika mara ya pili. Waliligombania siku nzima pembeni, bila ya yeye kujua, mpaka mdogo wangu akafanya lililokuwa wazi, akampigia na kumuuliza anataka nini.

Alitaka kubaki. Alisema waandike kama kawaida, na kwamba siku atakayoshindwa kusoma ataizima simu mwenyewe. Jina lake bado limo. Kikosi kilichofuata kilipoondoka, wake wapya waliongezwa na wenzao waliowajua, na usiku wa nne mmoja wao, msichana wa miaka 22 kutoka Kengeja, aliandika: "Samahanini dada zangu, tiki moja maana yake nini?" Aliyemjibu kwanza ni yule mjane. Alimweleza kwamba kambini mtandao hukatika mara kwa mara usiku, kwamba mumewe anaweza kuwa lindoni ambako simu haingii, kisha akamuuliza kama amekula.